Zabibu za Wali wa Mama

Kikombe cha mama yako kilikuwa cha gramu ngapi? Usiniambie simu yako inajua.

Juzi nilisimama dukani, sokoni Garissa, nyuma ya dada wawili waliokuwa wakinunua zabibu kavu. Kaka yao alikuwa anarudi kesho yake kutoka ughaibuni na alikuwa ameomba kitu kimoja tu, wali wa marehemu mama yao. Walikuwa wameujaribu mara tatu wiki hiyo, na mara zote ulitoka mtamu kama halua.

"Kikombe kimoja ni gramu mia moja hamsini," mdogo alisoma kwenye simu kwa sauti ya mhadhiri.

"Mama, hooyo wetu, hakujua gramu," mkubwa akamjibu. "Alikuwa na kikombe cha bati. Anajaza zabibu mpaka juu, ananipa nimpelekee jikoni." Akakunja kiganja kana kwamba bado amekishika.

Nikakikumbuka cha mama yangu, kilichobanduka rangi mdomoni. Nina shahada mbili, na wali wake sijaupata hata siku moja.

Mwenye duka akajaza kikombe, akamimina zabibu kwenye mizani. Mia moja hamsini, kasoro punje chache.

"Simu haijakosea, abaayo," akamwambia dada mkubwa.

Mkubwa alikuwa ameshachota zabibu mizanini, akitafuna bila kujijua. Akachota tena. Mdogo akautazama ule mkono, kisha akamtazama usoni.

"Walaal, dada yangu, jikoni zilikuwa zinafika ngapi?"

Mkubwa akaacha kutafuna.

"Nusu," akasema. "Wallahi, nusu nilikuwa nakula njiani."