Posa kwa Bia ya Kiingereza

Jirani yangu Deusdedit, Mhaya wa Akalla, huku Uswidi, na fundi wa lifti, alikwenda Uingereza kutembea akarudi bingwa wa pombe. Alikuwa amefika katika mji mdogo wa soko unaopika bia tangu enzi za watawa. Wakamwonyesha mapipa ya shaba, wakamnusisha shayiri, wakamwonjesha vikombe kadhaa na kumuuzia fulana. Tangu hapo majirani hatukupumua. Ukimkaribisha chai, anakuhutubia habari za kimea.

"Wenzetu wana urithi," alikuwa akisema. "Sisi tuna nini? Ndizi."

Mkewe, Adelina, aliendelea kumimina chai. Nilitamani amjibu.

Sasa mtoto wao Liam alitaka kumwoa Tiana, binti wa mzee Ludovick, naye Mhaya, wa Södertälje. Vijana walishakubaliana, ila Tiana alisema bila baraka za baba haolewi. Kwa Wahaya posa huenda na rubisi, pombe ya ndizi. Adelina alitaka wapike. Deusdedit akakataa katakata: yeye atapeleka bia ya mji ule wa watawa, chupa zenye picha ya kanisa.

Mimi ndiye niliyekuwa mshenga, kwa hiyo aibu ile niliiona kwa macho yangu. Ludovick alionja, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Nzuri. Nani kaipika?"

Deusdedit akatunisha kifua, akasimulia watawa, shayiri na mapipa.

"Basi hao watawa ndio wanaoposa?" Ludovick akaiweka glasi chini. "Ndugu yangu, pombe ya posa ni jasho la ukoo. Mkirudi na ya mikono yenu, tutazungumza."

Tiana aliinamisha uso. Deusdedit akaanza kuzikusanya chupa zake, moja moja. Nilimwonea huruma, ingawa si sana.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta bafuni kwake, amesimama ndani ya beseni la kuogea, suruali kaikunja magotini, fulana ya Uingereza mwilini. Anakanyaga ndizi mbivu zilizochanganywa na nyasi za kukamulia maji yake, na nyasi zenyewe ni zile kavu za sungura, kutoka duka la wanyama. Adelina alikuwa amekaa kando na kikombe chake cha chai.

"Kukanyaga ni kazi ya wanaume," aliniambia kwa upole. "Mimi nangoja kutia mtama."

Liam akachungulia mlangoni, akauliza kwa Kiswidi kama kule Uingereza nako wanakanyaga hivyo.

Deusdedit akajifuta jasho.

"Kule niliangalia tu," alisema. "Vua soksi, uingie."