Wenye Ndovu

Kila nikifungua kitabu kipya, harufu ya karatasi hunirudisha sebuleni kwetu Ibra, katika nchi ya Waarabu, siku niliyowasimulia wageni habari nilizozisoma kitabuni za Gajapati, wafalme wa kale wa mashariki ya Bara Hindi.

"Jina lao maana yake Wenye Tembo," nilisema.

Wazee wakaangua kicheko. Kwao, wazaliwa wa Unguja, tembo ni pombe ya mnazi.

"Walevi hao!" akasema ami. "Sema Kiarabu, mwanangu. Kiswahili kimekushinda."

Macho yakaniwasha. Bibi akanishika bega. "Mnyama ni ndovu, mjukuu wangu. Kukosea ndiko kujifunza. Anza tena."

"Hakijanishinda, ami," nikasema. Nikasimama, nikawapitisha ndovu wote katikati ya sebule, kwa Kiswahili, mpaka mfalme wa mwisho.