Kengele ya Elia

Jamani, leo nimemliza mama kwa kengele ya baiskeli.

Baiskeli yenyewe ni ya kaka Elia, aliyekwenda vitani Burma asirudi.
Tangu aondoke sijapanda baiskeli. Leo nikasema basi, naijaribu.

Kufika mteremko wa nyumbani, breki hazishiki, na kuku wamejaa njiani!
Nikapiga kengele mara tatu.

Mara tatu. Ndivyo Elia alivyokuwa akibisha hodi.

Mama akatoka mbio na kibuyu cha maziwa. “Elia! Karibu, baba!”

Akaniona mimi.

“Shikamoo, mama,” nikasema, kama mjinga.

Alilia, kisha akanipa yale maziwa.

Nikamwambia nitaifungua kengele, niitupe.

“Usiifungue,” akasema. “Kesho pita tena. Upige.”

Ninyi mngepiga?