Drusilla Aliyekunja Mikono

Drusilla Chelangat, mkulima wa chai juu kidogo ya Kapkatet, alikuwa mwepesi wa makofi. Baraza likiisha, watu wakiambiwa wapige makofi ya kilo mbili, yeye hupiga ya tatu. Ni adabu tu. Mtu amekuletea maneno kutoka mbali, utamwachaje aende mikono mitupu?

Mwaka wa tisini na saba adabu hiyo ikamponza. Naibu wa chifu alisema mengi barazani, na katikati akataja kwamba kituo cha kuuzia majani kitahamishiwa ng'ambo ya mto. Mwishoni watu wakapiga makofi, kama kawaida. Juma lililofuata tangazo likabandikwa mlangoni pa duka: wananchi wamekubali kwa kauli moja.

Drusilla alilisoma mara mbili. Nyonga yake ilikuwa mbovu tangu aanguke na kikapu, na mto ule ukifura asingeuvuka. Majani yasiyofika kituoni ni takataka, na chai ndiyo iliyomlisha. Lakini kilichomuuma zaidi ni yale makofi yake. Aliona haya, akajikasirikia.

Lori la majani hungojwa saa nyingi, na anayengoja hana kazi ila mdomo. Hapo ndipo alipoanzia.

"Mama Kiptanui, wewe ulikubali kituo kihame?"

"Mimi? Nani aliniuliza?"

"Si ulipiga makofi?"

Mama Kiptanui akaendelea kuchambua majani magumu. Wiki tatu Drusilla aliuliza hivyo, mmoja mmoja, mpaka wengine wakaanza kumkwepa.

D.O., mkuu wa tarafa, alipokuja barazani, naibu akasema, "Sasa tumpigie mkubwa wetu makofi, kilo moja."

Kimya kingi kina mshindo, na cha siku hiyo kilikuwa nao. Mikono ilikuwa imekunjwa mapajani, hata ya wazee. D.O. akauliza kuna nini.

Drusilla akainuka. "Bwana D.O., hatujakudharau. Lakini hapa makofi yetu inaandikwa kama kukubali. Sisi hatujakubali kituo ihame. Leo andikeni maneno yetu, halafu msome tusikie."

D.O. akamwashiria karani wake, Naftaly. Naftaly akaandika, akasimama, akasoma: kituo kibaki mpaka wananchi waulizwe.

"Na jina langu?" Drusilla akauliza. "Weka. Mtu akitaka kubisha, ajue nyumba."

Naftaly akaliandika, akalisoma. Ndipo Drusilla akakunjua mikono, akapiga kilo moja, wala hakuzidisha.