Mwikwabe na Usingizi wa Mchana

Ploti ya Mzee Zablon pale Migori ilikuwa na vyumba sita kwenye safu moja, na sijui fundi aliyeijenga alikuwa anaharakisha wapi, maana kuta za katikati hazikufika juu. Ziliishia kichwani mwa mtu mrefu, na kutoka hapo ni uwazi mtupu mpaka kwenye mabati. Ukikohoa chumba cha kwanza, unapewa pole kutoka cha sita. Mimi nilikaa cha nne na wanangu, nikiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, na kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuwa na siri. Sikulalamika, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na majirani walikuwa watu.

Chumba cha tano kilikuwa cha Mwikwabe, Mkuria wa upande wa Kehancha, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kutembea polepole kana kwamba ana ng'ombe mbele yake. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye duka la mbao na saruji. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake wawili walikaa na bibi yao nyumbani wakila na kusoma kwa mshahara ule ule mmoja. Alikuwa hana shamba la maana wala ng'ombe waliobaki. Kazi ikipotea, wote wameanguka.

Cha sita alikaa Bosibori, fundi wa nguo kutoka Kisii, mwanamke asiyeolewa, Msabato kweli kweli. Alishona sare za shule. Cherehani yake ya miguu aliiegemeza kwenye ukuta ambao upande wa pili ndipo palipokuwa na kitanda cha Mwikwabe. Asubuhi huyu anarudi kutoka lindoni, anavua koti, anajitupa kitandani, na yule anaketi na kuanza kukanyaga mpaka jioni.

Mwaka wa tisini na sita, tajiri wa Mwikwabe alimkuta amelala kazini. Akamsamehe. Baada ya wiki chache akamkuta tena, na safari hii hakupiga kelele, alimwambia tu kwamba ya tatu ikitokea asisubiri kufukuzwa, aweke rungu na tochi chini ajiendee kwao.

Basi nani wa kulaumiwa? Cherehani, bila shaka. Sote tulisema hivyo, maana ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko vyote. Mwikwabe akaenda kwa Mzee Zablon, na Mzee Zablon, ambaye hapendi maneno marefu, akamwambia Bosibori aitoe. Bosibori hakubishana. Alitafuta vijana wawili wakaibeba hadi kwenye baraza la duka moja sokoni, akawa anashonea huko. Ila salamu kwa Mwikwabe aliikata, na mimi nilimwona ana haki. Angenifanyia mimi hivyo, hata omena nisingemuuzia.

Tukangoja Mwikwabe alale. Hakulala. Kifuniko cha sufuria kikianguka kwa Joyline wa chumba cha pili, ameamka. Jogoo wa Mzee Zablon, ambaye hajawahi kujua saa, akiwika saa tano, ameamka. Mabati nayo yakipata jua yanalia ta, ta, kama mtu anayevunja vidole vyake, na kila ta moja ilimkuta macho. Alitundika blanketi ukutani. Alijaza pamba masikioni. Aligeuza kitanda mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikamwambia kupitia juu ya ukuta kwamba akikigeuza tena atalala nje. Macho yake yalikuwa mekundu, na huruma ilinishika kweli, kwa sababu mtu akikosa usingizi hivyo anazeeka ukimwangalia.

Siku moja akaja kununua omena, akakaa mlangoni pangu asiondoke. Hapo ndipo swali liliponijia.

"Mwikwabe, tajiri alikupata umelala siku gani?"

"Jumamosi."

"Na ile ingine?"

Akafikiri. "Hiyo pia ilikuwa Jumamosi, Mama Bravin."

"Na Bosibori anashonanga Jumamosi?"

Alifumba macho, nikadhani amesinzia pale pale. Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu aliyejikuta mjinga. Akanieleza kwamba alipokuwa mtoto wa kuchunga, wao walikuwa wanalala malishoni mchana huku kengele za ng'ombe zikilia, na hakuna aliyeogopa. Kengele zikinyamaza ndipo wanaruka, kwa sababu hapo ng'ombe wamekwenda. Amelala hivyo utoto wake wote, na kichwa chake hakijasahau. Cherehani ilikuwa inamfunika. Ikinyamaza, hata mwiko ukiguswa anausikia.

Kuomba si kazi yake, lakini alasiri hiyo alikwenda sokoni. Na mimi nilikwenda nyuma yake kununua chumvi, ingawa chumvi nilikuwa nayo. Bosibori hakuinua kichwa mpaka akamaliza pindo la sketi. Akamsikiliza. Akasema kwamba aliyeitoa ndiye atakayeirudisha, na si kwa mkokoteni. Mwikwabe akaibeba begani, kichwa chake na miguu yake ya chuma, akapita nayo katikati ya soko huku wanawake wa nyanya wakimuuliza kama sasa amekuwa fundi. Aliwajibu wote kwa adabu. Akaiweka pale pale ilipokuwa, na kesho yake alilala hadi alasiri.

Kumbe tulikuwa tumeisahau Jumamosi. Tajiri alikuwa amesema usiku wa Jumamosi hiyo atapita mwenyewe dukani, na ploti nzima ilijua. Ijumaa jua lilipozama, Bosibori alifunika cherehani kwa kitambaa cheupe kama kawaida yake, yeye ambaye hata chai ya Sabato huichemsha siku moja kabla akaiweka kwenye chupa. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Niliwatishia wanangu wanyamaze, lakini shule zimefungwa, vyumba ni sita, na huwezi kumtishia jogoo wa mwenye nyumba.

Asubuhi Mwikwabe alirudi akalala, yaani alijinyoosha tu. Tulikuwa tunasikia kitanda kikilia. Bosibori akaenda kanisani. Mchana kitanda bado kinalia, na mimi moyo wangu ulikuwa umeshajaa hofu kwa ajili ya watoto wale wa Kehancha, ambao hata sikuwajua.

Baada ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa bado kwenye nyimbo, Bosibori alirudi peke yake. Nikasikia kitambaa kikivutwa. Kikafuata kimya kidogo, kisha miguu ikaanza kukanyaga, taratibu, bila kukatika. Sikuamini. Nilitoka nikajifanya naanika omena karibu na mlango wake. Kitanda cha chumba cha tano kililia mara moja tu, kikaacha.

Haikuchukua muda, Mama Bathsheba, mkubwa wa akina mama wa kanisa lao, akaja kuuliza kwa nini dada ameondoka mapema. Alisimama mlangoni akaangalia miguu ile inayokanyaga.

"Bosibori, leo ni Sabato."

Bosibori hakusimamisha miguu. Alimwonyesha kwa kidole tu. Nguo hakuna, uzi hakuna, na sindano ameichomoa, iko juu ya Biblia mezani.

"Sishoni, mama," alisema. "Ninalaza mtu."

Juu ya ukuta ukaja mkoromo, mzito, wa mtu ambaye hajalala siku nyingi. Nilidhani sasa mahubiri yanaanza, nami nikajiandaa kusikiliza. Mama Bathsheba aliiangalia ile sindano. Halafu akainama, akavua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi, akaondoka peku kwenye vumbi.

Usiku huo tajiri alipita mara mbili, na mara zote mbili alisalimiwa kabla hajafika mlangoni. Mwaka uliofuata Mzee Zablon aliruhusu mlango utobolewe kati ya chumba cha tano na cha sita, lakini hayo ni ya baadaye. Jumapili ile asubuhi Mwikwabe hakuingia kwake kwanza. Alisimama mlangoni kwa Bosibori, kofia mkononi.

"Nililala, fundi," alisema.

"Nilisikia," Bosibori akamjibu, akamsogezea kiti.