Nilivyotajiwa bei ya kona ya marehemu mama yangu: wakuu, ramani za simu si bure kwa biashara

Wakuu, habari za mihangaiko.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Si chai. Yamenikuta mwenyewe hapa Lubumbashi. Kiswahili changu nimekinoa nikifuata mizigo Dar, kikikwaruza mnivumilie.

Mimi ni fundi wa programu za simu. Wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nimezaliwa Hewa Bora, mtaa wenye watu wengi na vibao vya barabara vichache.

Huku ukimwelekeza mtu hutaji namba ya nyumba. Unampa référence, yaani alama ambayo kila mtu anaijua: nyuma ya kanisa, kwenye mashine ya kusaga, kwa fulani anayeuza kitu fulani.

Alama ya kichochoro chetu ilikuwa mama yangu. Aliuza makala, yaani mkaa, pale kwenye kona karibu maisha yangu yote. "Kwa Mama Ngalula" walipajua hata watu wasiojua kwamba ana mtoto.

Alipofariki niliogopa jina litapotea. Nikafungua ramani ya simu, ile ya kampuni kubwa ya nje inayoruhusu mtu yeyote kuongeza mahali, nikaandika: Kwa Mama Ngalula.

Nikanogewa. Miaka kadhaa, kila Jumapili baada ya misa, nazunguka Hewa Bora naongeza maduka, makanisa, mafundi viatu. Kampuni inanitumia pongezi na nyota. Mke wangu akawa ananicheka, ati nyota haziliwi. Nikamwona hana maono. (Mke wangu, kama uko humu, yaishe.)

Ndipo akaja Papa Kambale.

Huyu ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, ana depo ya unga na mafuta ya kupikia, na pikipiki za kupelekea wateja. Alitaka programu: mteja aagize kwa simu, dereva aonyeshwe njia, na yeye aone kila pikipiki iko wapi. Mkataba mnono. Niliacha kazi yangu ya mshahara pale mjini kwa ajili yake. Yaani ukivunjika, sina pa kurudi.

Akaniuliza kuhusu ramani, "Na ile carte, tutalipa nani?"

Nikacheka. "Papa, carte iko bule! Iko mu telefone ya kila muntu."

Wakuu, sentensi hiyo imenitesa.

Majaribio na pikipiki mbili yalikwenda vizuri. Siku ya kuwasha zote, Papa Kambale akaita mke wake na mchungaji wake waje washuhudie. Baada ya muda mfupi ramani ikageuka kijivu. Pikipiki zinaelea, barabara hakuna hata moja. Katikati maandishi: matumizi ya bure yamefikia kikomo, kwa biashara nunua leseni.

Papa Kambale akanigeukia: "Sasa ile carte ya bule iko wapi?"

Mchungaji akaanza kuangalia dari. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kampuni ikanielekeza kwa wakala wao. Jamaa mpole sana kwenye simu, na kila alichosema kilinimaliza. Kuangalia njia yako kwenye simu ni bure. Kuiweka ramani ndani ya programu ya biashara ni habari nyingine kabisa. Unalipia kila chombo unachofuatilia. Unalipia kila programu inapotafuta anwani, na tena kila inapopanga njia. Jibu ukishalipata huruhusiwi kulihifadhi ili kesho usiulize tena. Na leseni ikiisha, unafuta kila ulichochukua.

Nikapiga hesabu. Kwa mwaka leseni ingemeza malipo yangu yote, halafu bado nitafute pesa za kutosha kununua pikipiki mbili mpya juu yake. Nilidhani nimezidisha sifuri. Nikarudia. Sikuwa nimekosea.

Wakala akanitumia faili ya mfano, nione ubora wa data zao za Hewa Bora.

Nikafungua. Mashine ya kusaga. Kanisa lenye geti la bluu. Fundi viatu wa karibu na bomba. Nikajikuta naujua mstari unaofuata kabla sijaufikia.

Halafu nikauona: Kwa Mama Ngalula.

 Nikampigia wakala.

"Ndugu, bintu yote hii niliandika miye!"

"Naamini. Lakini ulikubali ma-conditions. Ile iko mu kichwa yako, iko yako. Ile iko mu ile fichier nilikutumia, iko ya compagnie." Kisha akaongeza, "Hata miye niliandikaka duka ya shemeji yangu."

"Na tukiacha kulipa tunafuta yote? Hata mama yangu?"

"Yote, ndugu."

Nikayatafuta yale masharti. Yapo. Nilibonyeza "nakubali" nikiwa bado kwenye msiba, sikusoma hata mstari mmoja. Nililia wakuu, sioni aibu kusema. Halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana hakuna aliyeniibia. Niligawa kwa mkono wangu.

Kesho yake nikaenda depo kumwambia Papa Kambale ukweli wote, nikijua mkataba umekwisha. Alinisikiliza hadi mwisho huku anasaini karatasi za unga.

"Kijana, kitu ulishatoa bule, utaililia nini? Sasa baclients bangu, ni ile carte njo inabajua, ao ni miye?"

Alimaanisha wateja wake anawajua yeye, si ramani. Akavuta droo. Madaftari! Kila mteja, simu yake na référence yake, kwa mwandiko wa mkewe, miaka yote ya depo.

Tukaanza upya. Kwa barabara tulichukua ramani ya wazi, ile inayochorwa na watu wa kujitolea na inayoruhusu biashara, mradi uwataje na ufuate masharti yao. Safari hii niliyasoma mara mbili. Kwa wateja tulitumia madaftari: dereva akifika mlangoni anabonyeza kitufe, mahali panaingia kwenye faili yetu. Kazi ilichelewa na malipo yangu yakapunguzwa, lakini mkataba ulipona.

Siku ya kusaini mkataba uliorekebishwa, Papa Kambale akaongeza mstari kwa kalamu: mahali pote patakapoandikwa ni mali ya depo. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Zamani ningesaini huku nacheka.

Nikasema, "Papa, pote. Lakini mahali pamoja tu, hapana."

"Wapi?"

Nikamweleza. Akachukua tena kalamu, akaandika: Kwa Mama Ngalula iko ya mutoto yake.

Jioni nikaenda pale kwenye kona. Siku hizi mama mwingine ndiye anauza makala. Nikabonyeza kitufe, Kwa Mama Ngalula ikaingia kwenye faili yetu, nikanunua mfuko mmoja, nikarudi nyumbani.

Wakuu, kabla hujamwambia mteja kwamba ramani ni bure, ulizia leseni kwanza, na uulize siku ukishindwa kulipa unabaki na nini. Rahisi huvunja upishi.

Nanyi mlioweka maduka ya mama zenu kwenye ramani, semeni hapa chini: mlisoma mlichokubali?