Siku Nilipohesabu Taka za Jirani

Mkasa huu mke wangu ndiye husimulia vizuri kuliko mimi, na kwa kuwa hachoki kuusimulia, tena kila akiusimulia huniongezea tope, nimeona heri niuandike mwenyewe, angalau tope liwe la kiasi. Naona haya, sikatai. Lakini haya ya kujisimulia ni nafuu kuliko haya ya kusimuliwa, na mimi, mnanijua, penye nafuu nipo.

Jina langu Mbwana, ila Malindi nzima ya wakati ule, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, iliniita Mara Mbili. Nilikuwa mnunuzi na mtunza stoo wa hoteli moja ya ufuoni, ile yenye nembo ya kasa, na hakuna kitu kilichopita mlangoni pangu bila kuhesabiwa mara mbili: ya kwanza mbele ya muuzaji, ya pili akishageuka (maana samaki wana tabia ya kupungua muuzaji akishatoa mgongo). Bei nayo sikuipokea ilivyokuja. Wauza matunda kutoka Jilore walikuwa wakiniona tu wanaanza kuapa kabla sijafungua mdomo.

Basi ndipo ikaja ile kozi. Wenye hoteli walichanga wakamleta mwalimu kutoka Mombasa, Mwalimu Shee, mtu wa asili ya Lamu, mpole, sauti ya chini mpaka lazima unyamaze ndipo umsikie, na kila Jumamosi saa nane mchana tukawa tunakaa kwenye madawati ya shule ya watoto, magoti yamegusa kidevu, tukifundishwa jinsi ya kuendesha biashara idumu bila kujila yenyewe: maji ya kisima yasikauke, mikoko isimalizwe, ufuo usigeuke jaa, na mgeni wa mwaka kesho akute kile alichosifiwa na mgeni wa mwaka huu. Mimi mwanzoni nilisinzia. Kisha siku moja mwalimu akatangaza kuwa mwanafunzi mmoja, mmoja tu, atapelekwa Nairobi kuyasomea mambo hayo miezi sita, na akirudi ndiye atakayeyasimamia kwa hoteli zote za upande wetu.

Usingizi ukanitoka. Jioni ileile nikaenda nikanunua sanduku la safari.

(Ndiyo, kabla ya kuchaguliwa. Lilikuwa limeshuka bei.)

Sanduku la kahawia, kufuli mbili za shaba, nikaliweka juu ya kabati linapoonekana na kila aingiaye. Mama mkwe alikuja kutoka Mambrui makusudi kulitazama, akalipigapiga mgongo kama anayenunua mbuzi, akasema, "Haya, baba, Mungu akufikishe." Majirani wakaanza kuniagiza vitu vya Nairobi. Kwa hiyo mnaona wenyewe nilivyojifunga: nisipochaguliwa, lile sanduku litakuwa linanitazama kila asubuhi nikivaa suruali.

Na kizuizi kilikuwa kimoja, jina lake Kadzo.

Kadzo alikuwa mtu wa Kaloleni, amesomea misheni, msimamizi wa vyumba katika hoteli ya jirani, pale pale kwenye barabara iendayo nje ya mji, njia ya Jilore. Hakuwa msemaji. Alikuwa na daftari moja lenye mafuta ya nazi kwenye jalada, na akilifungua darasani, Mwalimu Shee alikuwa anavua miwani, anaipangusa, anaivaa tena, jambo ambalo kwa daftari langu hakulifanya hata siku moja. Nilihesabu. Kwa Kadzo miwani ilivuliwa mara nne kwa mwezi.

Mwalimu alikuwa na neno lake: "Kila kinachoingia kwa mlango wa mbele hutokea mlango wa nyuma. Nionyesheni mlango wa nyuma." Akatupa kazi ya wiki nne: andika kinachoingia hotelini mwako na kinachotoka, na kikitoka kinaelekea wapi. Jamani, nikasema, kazi ya kuhesabu! Nimeletewa nyama, na kisu nimepewa mimi! Nikajaza kurasa ishirini na mbili za vinavyoingia, mpaka vijiti vya kuchokonolea meno. Upande wa vinavyotoka nikaandika mstari mmoja: "Taka zote hupelekwa nje. Zinazobaki: hakuna."

Daftari likarudi. Kwenye neno "nje" mwalimu amechora duara dogo kwa wino mwekundu, kando akaandika, tena akaniuliza mbele ya darasa: "Wapi?"

Wapi! Mimi ningejua wapi? Taka zetu zilichukuliwa na Kahindi wa mkokoteni. Alipokuja kupatana nami alitaka malipo ya kuzipeleka hadi kwenye machimbo yaliyoachwa, kule nyuma ya mji njia ya Jilore. Nikamshika kwa maneno kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, hata akakubali nusu. Nusu kamili! Akaniuliza tu, "Sasa nipeleke wapi, bwana?" Nikamwambia, "Mbali. Mahali nisipopaona." Akaitazama ile pesa, akanitazama, akasema, "Haya." Nami nikaenda kula wali wangu kwa furaha.

Kadzo naye akasimama kusoma yake. Maji ya kufulia mashuka yanakwenda kwenye migomba. Chupa zinaoshwa, zinachukuliwa na akina mama wa Kaloleni wauzao mafuta ya nazi. Maganda na majivu yanaingia shimoni, yanageuka mbolea, mbolea inarudi kwenye mapapai, mapapai yanarudi mezani kwa Wataliani. "Na shimo langu, mwalimu," akasema, "halijajaa tangu mwaka jana."

Miwani ikavuliwa. Darasa likapiga makofi. Nikapiga na mimi, viganja vikiniwasha.

"Umefundishwa na nani haya, binti?"

"Sikufundishwa, mwalimu. Nafanya afanyavyo mama nyumbani, ila nyumba ndiyo kubwa."

Wallahi sikulala vizuri wiki ile. Mke wangu akiniuliza una nini, nasema nina gesi. Kumbe nina Kadzo. Shimo lisilojaa! Hoteli ya vyumba vingi kama ile, wageni wanakula mara tatu na kutupa mara sita, halafu shimo halijai? Nimefanya stoo miaka kumi na moja, najua harufu ya hesabu iliyopikwa. Nikasema huyu anadanganya, na mimi ndiye nitakayemfichua, na sanduku langu litapanda basi.

Siku ya Alhamisi mtunza bustani wetu akaniletea habari nisiyoiomba (nilikuwa nimempa sigara mbili ili asiniletee bure). Akasema, "Lile shimo la akina Kadzo, Mbwana, ukilitazama juu ya ua, ni kilima cha taka."

"Kilima?"

"Kilima."

Nilimuuliza mara mbili.

Sasa, Jumamosi ile darasa zima lilikuwa litembelee hoteli ya Kadzo, saa nane, kuliona shimo la ajabu. Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo, mdogo kama mbegu ya papai: niende saa saba, nipite nyuma, nijaze gunia moja la ushahidi, halafu nitokee mbele na wenzangu kama malaika.

Nilivaa suti yangu ya mikono mifupi, rangi ya maziwa, iliyopigwa pasi ya makaa. Nikapenya ua wa makuti upande wa barabara, penye pengo pana ajabu (sikujiuliza limetokana na nini). Na kweli, shimo lile, jamani! Upande mmoja safi, maganda yamefunikwa majivu. Upande huu wa pengo kilima kabisa: makaratasi, mikebe, saladi iliyonyauka, chupa. Moyo wangu ulifurahi kama wa mtu aliyeokota mkufu. Nikashuka, nikahesabu, nikatia gunia: karatasi za sabuni arubaini na tatu, mikebe kumi na tisa, chupa kumi na mbili. Nikapanda juu. Saa ilikuwa saa saba na nusu. Mtu mwingine angeondoka.

Mimi nikarudi kuhesabu mara ya pili.

Na mara ya pili nilikanyaga ule upande uliofunikwa majivu, uliokuwa unaonekana mgumu. Haukuwa mgumu. Chini yake maganda ya miezi yalikuwa yamekwisha kuwa uji, nikazama mguu wa kulia hadi pajani, nikaukanyagia wa kushoto ili niutoe wa kulia, wa kushoto nao ukaenda kumtafuta mwenzake. Kila nikijinyanyua natoa mlio ambao sitauandika. Nikasimama pale nimeshika gunia kifuani kama mama aliyeshika mtoto, nzi wananisalimia, na mara nikasikia ile sauti ya chini, "Na huku nyuma, binti, ndiko kwenye shimo?"

Watu kumi na wanane wakajipanga ukingoni. Mwalimu Shee, Kadzo, meneja wao, na meneja wangu pia, aliyealikwa.

"Mbwana?" meneja wangu akasema.

Mtu mwenye akili angesema nimeanguka. Mimi wivu ulikuwa umeshanipanda kichwani, nikaona heri nife na ushindi. Nikasema kwa sauti ya hotuba, "Mwalimu, assalaam aleikum! Nimekuja mapema kwa ajili ya haki. Mliambiwa shimo halijai. Tazameni! Karatasi za sabuni arubaini na tatu! Mikebe kumi na tisa! Hii ndiyo biashara inayodumu? Huu ndio mlango wa nyuma!" Nikainua karatasi moja ya sabuni juu ya kichwa changu ili wote waione.

Mwalimu akavua miwani. Akaipangusa. Nikajiambia, hatimaye.

"Hebu nisomee hiyo karatasi, Bwana Mbwana. Ina picha gani?"

Nikaishusha. Nikaipangusa majivu kwa kidole. Akanitokea kasa, mapezi mawili mbele, mawili nyuma, ananitazama kama aliyenijua tangu utotoni.

Nikatoa nyingine. Kasa. Nikatoa nyingine. Kasa! Nilikuwa nimezihesabu karatasi arubaini na tatu na sikusoma hata moja.

Na Mungu akikusudia, hakosi shahidi. Palepale nyuma yangu ua ukasukumwa, mkokoteni ukaingia kwenye lile pengo ukilia magurudumu, na Kahindi, jasho linamtiririka, akapaza sauti, "Pisha, bwana, namwaga!" Kisha akaniona ni mimi. Akaona na watu. Akaushusha mkokoteni.

"Kahindi," nikasema, "sikukwambia upeleke mbali?"

"Ulinambia, bwana." Akajifuta uso na fulana. "Ila bei ya mbali ulikata nusu. Nami nikakata njia nusu. Nusu yenyewe ndiyo hapa."

Kicheko kilichofuata kingesikika hadi Mambrui. Meneja wangu peke yake hakucheka, na afadhali angecheka. Mwalimu Shee hakunisema. Alisema tu kwa darasa, polepole, "Andikeni hilo," na wanafunzi wote wakainamisha vichwa wakaandika, mimi nikiwa shimoni nimegeuka somo.

Kadzo ndiye aliyenipa mkono. Alinitoa yeye na Kahindi, viatu vikabaki huko. Nikamnong'oneza, maana bado kiwivu kilikuwa kinapumua, "Lakini kilima hiki kilikuwa hapa na wewe hukusema."

"Nimejua tangu wiki ya pili ya kozi, kaka Mbwana. Kila siku tunazichambua zako pamoja na zetu. Wiki hii nilikuwa Kaloleni kwenye arusi ya mdogo wangu, siku nne, ndipo zikarundikana." Akanifuta jivu begani. "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Mwalimu alikuuliza wapi."

Basi mnaelewa? Shimo lake lilikuwa halijai na taka zangu zimo. Nilikuwa namwonea wivu mtu aliyekuwa akinifanyia kazi yangu bure, mimi, nisiyetoa hata kiberiti bure.

Suruali haikufaa kitu. Wakanitafutia leso, kanga ya mama mfuaji mmoja, nikajifunga kiunoni, nikarudi nyumbani kwa miguu kupitia mji, na nilipopita baraza la wacheza bao nikasikia mtu mmoja nyuma yangu anasoma maandishi ya leso herufi kwa herufi, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: "YA KWANGU... YAKUHUSU... NINI."

Wakasoma mara mbili.

Kadzo alichaguliwa, hamna haja ya kuuliza. Siku mbili kabla ya safari akabisha hodi, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akainua macho juu ya kabati. "Nimesikia una sanduku, kaka. Waniuzia?" Nikataja bei niliyonunulia. Akacheka kidogo, akashika kiuno (mtindo wangu mimi wa kupatana bei, niliowafundisha mji mzima!), akasema, "Nusu."

Nilifungua mdomo nibishane. Mke wangu akanitazama, mama mkwe akanitazama. Nikapanda kiti, nikaliteremsha, nikampa bila kitu, na nasema kweli, liliniuma; hadi leo nikiona basi la Nairobi linaondoka hunichoma hapa, mbavuni.

Tangu siku ile kinachotoka stoo yangu nakihesabu kama kinachoingia, na kila mkokoteni wa taka naufuata kwa miguu yangu hadi machimboni, jua la saa sita likinichoma utosi. Sitamwambia tena mtu apeleke kitu mahali nisipopaona. Lakini turudi kwenye safari. Asubuhi ile ya safari yake nilimwita Kahindi alibebe sanduku hadi stendi. Akalipakia, akalifunga kamba vizuri, akashika mikono ya mkokoteni, halafu akanigeukia mbele ya Kadzo na mtaa mzima.

"Hadi stendi, bwana, au nusu ya njia?"

Nikamlipa pesa zote, kabla hajaondoka, na sikuzihesabu.